Jiwe la angani linaloitwa Kenya: lilivyopatikana, linavyozunguka na kwa nini halitatuangukia

Jumatatu ya Desemba 30, 2024, saa tisa alasiri, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Ilikuwa na kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya, KSA, lilifika na kuichukua, na kwa tathmini yake ya awali likasema ni sehemu ya roketi.

Siku tatu kabla ya tukio hilo, darubini moja iliyoko Chile, Amerika Kusini, ilikuwa imenasa nukta ndogo ya mwanga ikisogea kati ya nyota. Nukta hiyo ikapewa jina la muda, 2024 YR4. Kufikia katikati ya Februari 2025, watu kote duniani walikuwa wakitumiana habari zake kwenye simu. Uwezekano wa jiwe hilo kuigonga Dunia Desemba 22, 2032 ulikuwa umefikia asilimia 3.1, na ukanda ambamo lingeweza kuanguka ulipita pia juu ya sehemu za Afrika. Siku chache baadaye, uwezekano huo ukashuka hadi karibu sifuri.

Mambo haya mawili hayahusiani. Pete ya Mukuku ilitengenezwa na binadamu, na 2024 YR4 ni jiwe la asili. Lakini yalikuja kwa kufuatana, na yakaacha maswali yale yale vijijini: huko juu kuna nini hasa? Nani anajua kitakachoanguka na kisichoanguka? Na kwa nini hesabu zao zinabadilikabadilika?

Njia nzuri ya kujibu ni kuchukua jiwe moja linalojulikana vyema na kulifuatilia tangu siku lilipoonekana. Lipo moja lenye jina tunalolijua sote. Linaitwa Kenya.

Johannesburg, Juni 1933

Jiwe hilo liligunduliwa Juni 15, 1933 na mwanaastronomia Cyril Jackson, katika kituo cha kuangalia nyota cha Union kilichokuwa Johannesburg, Afrika Kusini. Jackson alizaliwa Uingereza, akahamia Afrika Kusini akiwa mtoto. Katika maisha yake ya kazi aligundua mawe ya namna hii zaidi ya 70.

Juni ni majira ya baridi Johannesburg. Usiku huwa mrefu, mkavu na usio na mawingu, na hali hiyo humfaa mtu anayepiga picha za anga. Wakati ule picha zilipigwa kwenye vioo vilivyopakwa dawa. Kamera iliachwa wazi kwa muda mrefu huku ikifuata mwendo wa nyota. Nyota zikatokea kama vitone vilivyotulia. Kitu kilichokuwa kikisogea kati ya nyota hakikutulia. Kiliacha mstari mfupi, au kilionekana mahali pamoja kwenye kioo cha kwanza na mahali pengine kwenye kioo cha usiku mwingine.

Usiku ule Jackson alipata mawe mawili. La kwanza baadaye likaitwa Kenya, la pili Uganda. Yapo mengine yenye majina ya kwetu yaliyoonekana kutoka kituo hicho hicho: Tanga, kwa jina la mji wa bandari wa Tanzania, lililoonekana mwaka 1930, na Ruanda, lililoonekana mwaka 1935. Majina hayo yalitolewa wakati nchi zetu zilikuwa chini ya wakoloni, na waliokuwa wakiishi katika nchi hizo hawakuulizwa. Ila majina yamebaki na yanatumika hadi leo katika orodha za dunia nzima.

Mawe haya huitwa asteroidi. Ni mabaki ya vifusi vilivyoachwa wakati sayari zilipoundwa, miaka bilioni 4.5 iliyopita. Mengi yanazunguka Jua katika eneo pana lililoko kati ya sayari ya Mirihi na sayari kubwa kuliko zote, Mshtarii. Eneo hilo ndilo ukanda wa asteroidi. Kenya ni mkazi wa ukanda huo. Upana wake ni karibu kilomita 20, lakini lipo mbali kiasi kwamba huwezi kuliona kwa macho bila darubini.

Jina la muda, halafu namba, halafu jina

Baada ya kuonekana, jiwe la Jackson liliandikwa 1933 LA. Utaratibu huu bado unatumika, na ukiujua utaweza kusoma jina lolote la namna hiyo kwenye habari.

Mwaka hugawanywa katika vipindi vya nusu mwezi, na kila kipindi hupewa herufi. Siku 15 za kwanza za Januari ni A, nusu ya pili ni B, na kuendelea hivyo, ila herufi I hurukwa ili isichanganywe na namba moja. Siku 15 za kwanza za Juni ni L. Herufi ya pili inaonyesha zamu. Kwa hiyo 1933 LA ni jiwe la kwanza kuandikishwa katika nusu ya kwanza ya Juni 1933. Uganda lilikuwa 1933 LB, yaani la pili.

Sasa tazama 2024 YR4. Y ni nusu ya pili ya Desemba. Herufi R ikifuatwa na 4 ina maana ni jiwe la 117 kuandikishwa katika kipindi hicho. Leo kuna darubini nyingi zinazojiendesha zenyewe usiku kucha, ndiyo maana herufi 25 za zamu humalizika upesi na kuanzwa tena.

Jina la muda halimaanishi kwamba jiwe linajulikana. Linamaanisha tu kwamba limeonekana. Ili lipewe namba ya kudumu, lazima lionekane tena na tena hadi njia yake iwe imethibitishwa kiasi kwamba mtu anaweza kusema: usiku fulani, mwaka fulani, elekeza darubini hapa utalikuta. Kenya lilipata namba 1278, na Uganda 1279.

Tanga linaonyesha jambo hili vizuri. Lilionekana mwaka 1930, miaka mitatu kabla ya Kenya, lakini namba yake ni 1595. Lilitangulia kuonekana, ila njia yake ilichelewa kuthibitishwa. Namba inafuata uhakika wa njia, haifuati siku ya kwanza ya kuonekana.

Uangalifu huu ulianza zamani. Asteroidi ya kwanza, Ceres, ilionekana Januari 1, 1801 na padre Giuseppe Piazzi huko Palermo, Italia. Aliifuata kwa majuma kadhaa, kisha ikapotelea kwenye mwanga wa Jua. Ingeweza kupotea kabisa. Kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alitengeneza hesabu iliyotumia vipimo vile vichache kukadiria njia nzima. Wataalamu walielekeza darubini alikosema, na mwisho wa mwaka huo huo Ceres ikaonekana tena. Hesabu za leo zimejengwa juu ya wazo hilo, ingawa sasa zinafanywa na kompyuta.

Njia ya Kenya kuzunguka Jua

Tuje kwenye njia yenyewe, kwa sababu jibu la swali la usalama limo humo.

Dunia iko umbali wa karibu kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua, na umbali huo haubadiliki sana mwaka mzima. Njia ya Kenya ni tofauti. Ni duaradufu, yaani kama duara lililobanwa pembeni, na Jua halipo katikati yake kamili. Kenya linapokuwa karibu zaidi na Jua, umbali ni karibu kilomita milioni 270. Linapokuwa mbali zaidi, ni karibu kilomita milioni 450.

Linganisha namba hizo mbili na milioni 150 ya Dunia. Hata Kenya likisogea karibu kadiri liwezavyo, bado liko nje kabisa ya njia yetu, kwa zaidi ya kilomita milioni 100. Mwezi wetu uko umbali wa kilomita 384,000 tu. Kwa hiyo Kenya haliwezi kukaribia hata mara 250 ya umbali wa Mwezi. Ni kama matatu mbili zinazopita barabara mbili zisizokutana popote. Ziwe zinakwenda kasi namna gani, hazitagongana.

Kenya huchukua siku 1,361 hivi kulizunguka Jua mara moja, yaani karibu miaka mitatu na miezi tisa. Kadiri kitu kinavyokuwa mbali na Jua, ndivyo kinavyokwenda polepole na ndivyo safari yake inavyokuwa ndefu. Dunia humaliza kwa mwaka mmoja, Mshtarii huchukua karibu miaka 12. Uganda, ambalo liko karibu na Jua kidogo kuliko Kenya, humaliza kwa siku 1,334 hivi.

Njia ya Kenya pia imeinama. Chukua nyungo mbili. Moja ilaze chini, ndiyo njia ya Dunia. Nyingine iweke juu yake, kisha inyanyue upande mmoja kidogo. Mwinamo huo kwa Kenya ni karibu nyuzi 11.

Umbali wa wastani, kubanwa kwa njia na mwinamo wake ni kama alama za vidole za asteroidi. Wataalamu hutumia alama hizi kutambua jiwe hata baada ya miaka mingi, na kujua ni mawe gani yanaweza kuwa yalivunjika kutoka kwenye mwamba mmoja.

Kwa nini mengine hufika kwetu

Kama mawe ya ukanda yamekaa mbali hivyo, yale yanayoanguka duniani hutoka wapi? Mengi yake hutoka humo humo kwenye ukanda. Lakini kwanza njia zake hubadilika, na hilo huchukua muda mrefu sana.

Katika miaka ya 1860, Mmarekani Daniel Kirkwood aliona kwamba ukanda una mapengo. Kuna umbali fulani kutoka kwenye Jua ambako karibu hakuna asteroidi. Pengo moja kubwa liko pale ambapo jiwe lingemaliza mizunguko mitatu wakati Mshtarii inamaliza mmoja. Jiwe la mahali hapo lingechukua karibu miaka minne kwa mzunguko.

Ukimsukuma mtoto kwenye pembea ovyoovyo, haendi mbali. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa wakati ule ule, hata kwa nguvu kidogo, pembea inapanda juu zaidi na zaidi. Ndivyo Mshtarii inavyolifanya jiwe lililo kwenye pengo. Kila baada ya mizunguko mitatu wanakutana katika mpangilio ule ule, na jiwe linavutwa kwa namna ile ile. Njia yake inazidi kurefuka hadi inaikata njia ya Mirihi, na hatimaye njia ya Dunia. Mapengo ni mahali ambapo mawe yaliondolewa.

Kenya ni jirani wa pengo hilo. Ukichukua umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua kuwa hatua moja, Kenya kwa wastani liko kwenye hatua 2.4, na pengo liko kwenye 2.5. Lakini jirani huyu hahami kirahisi. Mawe madogo husukumwa polepole na joto la Jua: upande uliopata joto hulitoa baadaye, na kule kulitoa kunalisukuma jiwe kidogo mno. Kwa mamilioni ya miaka, jiwe lenye upana wa mita chache linaweza kusogea hadi likaingia kwenye pengo. Mwamba wa kilomita 20 hausogei kwa namna hiyo kwa kiasi cha kutuhusu sisi, wala wajukuu wa wajukuu wetu.

Wakazi wa Mbale, mashariki mwa Uganda, waliona mwisho wa safari ya namna hiyo. Agosti 14, 1992, alasiri, ngurumo kubwa ilisikika na mawe yakaanguka mjini na vitongojini, mamia ya vipande. Kimoja kidogo cha gramu chache kilipita kwenye majani ya mgomba, kikapunguza mwendo, kisha kikamgonga mvulana kichwani. Hakupata madhara makubwa.

Mawe ya Mbale ni ya aina inayoonekana mara nyingi sana duniani. Mwaka 2024, watafiti walichapisha ushahidi kwamba mawe ya aina hiyo yanatoka katika familia moja ya asteroidi iitwayo Massalia, iliyoko kwenye ukanda huo huo, kwa umbali wa wastani unaolingana karibu kabisa na wa Kenya. Hapa ndipo alama za vidole zinapofanya kazi. Umbali unafanana, lakini njia ya Massalia imeinama kidogo mno, wakati ya Kenya imeinama nyuzi 11. Kwa hiyo Kenya si ndugu wa mawe ya Mbale, ingawa wanakaa mtaa mmoja.

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, Tanzania, kina asili nyingine. Ni bonge la chuma la takriban tani 16. Chuma cha namna hiyo hutoka kwenye kiini cha miamba mikubwa iliyovunjikavunjika zamani huko angani.

Kwa nini hesabu ya 2024 YR4 ilipanda kisha ikashuka

Wengi waliona namba zikibadilika mwaka 2025, wakahisi kwamba wanasayansi wanabahatisha au wanaficha jambo. Mfano wa nyumbani unaweza kusaidia.

Mbuzi wako amepotea. Eneo la kumtafuta ni ekari 100, na ndani yake kuna kisima kimoja kilicho wazi. Nafasi ya kuwa ametumbukia ni ndogo. Majirani wanapekua ekari 50, hawamwoni. Kisima kiko kwenye ekari zilizobaki. Ghafla nafasi ya kwamba yumo kisimani imekuwa kubwa zaidi, ingawa mbuzi mwenyewe hajapiga hatua hata moja. Kilichobadilika ni kile mnachokijua. Halafu mtu anaona nyayo mpya zikielekea bondeni, mbali na kisima. Nafasi inaanguka mara moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni, njia ya 2024 YR4 ilijulikana kwa makadirio mapana, na Dunia ilikuwa ndani ya makadirio hayo. Kila kipimo kipya kilipunguza upana, Dunia ikiwa bado imo, kwa hiyo asilimia ikapanda. Februari 18, 2025 ilifika 3.1, ambayo ni nafasi moja kati ya 32. Vipimo vilivyofuata viliendelea kupunguza upana hadi Dunia ikabaki nje.

Kwa hiyo mabadiliko yale yalikuwa dalili ya kazi kufanyika. Kenya, lililofuatiliwa tangu 1933, halina shaka ya namna hiyo. 2024 YR4 lilikuwa na majuma machache tu ya kuangaliwa.

Ujumbe ukiingia kwenye simu yako

Mara kwa mara huzunguka ujumbe wa sauti au picha unaodai kwamba jiwe kubwa kama mlima linakuja. Kabla hujausambaza, uliza mambo matatu.

La kwanza, jiwe hilo lina jina gani kamili au namba gani? Habari ya kweli haikosi kitu kama 1278 au 2024 YR4. "Jiwe kubwa" bila jina haliwezi kuthibitishwa na yeyote.

La pili, litapita tarehe gani na umbali wa kilomita ngapi? Vichwa vingi vya habari husema "litapita karibu na Dunia" wakati umbali ni mamilioni ya kilomita. Hata maneno "asteroidi yenye uwezekano wa hatari" yana maana ya kitaalamu. Yanatumika kwa jiwe lenye upana wa takriban mita 140 au zaidi, ambalo njia yake inaweza kuikaribia njia ya Dunia ndani ya kilomita milioni 7.5. Hayamaanishi kwamba linakuja.

La tatu, nani amesema? Vipimo vyote duniani hukusanywa katika kituo kimoja cha kimataifa kilichoko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, na viko wazi kwa kila mtu. NASA na shirika la anga za juu la Ulaya hufanya hesabu kila moja kivyake na kuzitangaza hadharani. Jiwe la kweli haliwezi kujulikana na mtu mmoja tu mwenye kikundi cha WhatsApp.

Na je, kitu kikianguka kweli? Februari 15, 2013, jiwe la upana wa karibu mita 20 lililipuka angani juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Zaidi ya watu 1,000 waliumia, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Waliona mwanga mkali, wakakimbilia dirishani kutazama, na wimbi la mshindo likafika baada ya dakika kadhaa. Ukiona mwanga mkali usio wa kawaida ukipita angani, kaa mbali na madirisha na usubiri.

Ukikuta kitu kilichoanguka, usikiguse na usiwaache watoto wakisogelee. Vipande vya roketi vinaweza kuwa na mabaki ya mafuta yenye sumu. Andika saa, piga picha ukiwa mbali, na umjulishe chifu, mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi. Kuna sababu nyingine pia: chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa madhara kinayosababisha ardhini. Ushahidi ukiharibiwa, dai linakuwa gumu.

Macho ya kusini

Bado kuna kazi. Asteroidi zinazojulikana sasa ni zaidi ya milioni 1.4, na nyingi mno ni za ukandani kama Kenya, zisizo na hatari yoyote. Lakini kati ya zile zinazokaribia njia ya Dunia na zenye upana wa mita 140 au zaidi, wataalamu wanakadiria kwamba zaidi ya nusu hazijapatikana. Ndogo zaidi, kama ile ya Chelyabinsk, hazijulikani kwa sehemu kubwa.

Kwa miaka mingi darubini nyingi za kutafuta mawe haya zilikuwa kaskazini mwa dunia, na anga la kusini likabaki bila macho ya kutosha. Hali imeanza kubadilika. Tangu mwaka 2022, mtandao wa darubini uitwao ATLAS, ambao ndio ulioona 2024 YR4, una kituo Chile na kingine Sutherland, Afrika Kusini. Juni 2025, kituo kipya cha Vera Rubin huko Chile kilitoa picha zake za kwanza. Katika saa kama kumi tu za kutazama, kilikuwa kimepata asteroidi mpya 2,104. Saba kati yake zinapita maeneo ya karibu na Dunia, na hakuna iliyo tishio.

Afrika Mashariki ina nafasi yake hapa. Sisi tuko kwenye ikweta, na mtu aliyeko ikweta huweza kuona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, katika mwaka mmoja. Usiku wenye giza halisi, usio na taa za mji, bado tunao kwa wingi. Tunachokosa ni vifaa na watu waliofunzwa. Jina Kenya liliandikwa kwenye orodha ya anga na watu wa mbali. Wasichana na wavulana walio shuleni leo wanaweza kuwa ndio watakaoandika majina yanayofuata, iwapo serikali zetu zitaona kwamba kuangalia anga ni sehemu ya kujikinga na majanga, kama tunavyoangalia mvua na mito.

Kenya lenyewe linaendelea na safari yake. Kwa hesabu ya siku 1,361 kwa kila mzunguko, mwaka 2026 ndio linakamilisha mzunguko wa 25 tangu usiku ule wa Juni, Johannesburg. Kila mara limepita pale lilipotarajiwa, zaidi ya kilomita milioni 100 kutoka kwenye njia yetu.